Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupunguza lagi ya intaneti ya nyumbani kwa ruta ya Linux

Haya maswali yanarudi kila wiki kwa maneno tofauti tofauti, ndo maana yamekusanywa sehemu moja. Kama una haraka, soma swali la kupima kwanza, alafu ruka mpaka sehemu ya kuweka. Ila usiruke kupima.

## Mambo ya msingi

Spidi yangu ni kubwa tu, mbona mtu mwingine akianza kuaplodi kila kitu kinaganda?

Kwa sababu spidi na lagi ni vitu viwili. Spidi ni data kiasi gani inapita kwa sekunde moja, lagi ni muda ambao pakiti moja (kipande kidogo cha data) inatumia kwenda na kurudi. Unaweza kuwa na megabiti 100 na bado pakiti yako ya gemu ikakaa nusu sekunde mahali flani inasubiri zamu.

Inasubiri wapi? Mara nyingi ndani ya modemu. Kompyuta yako inaongea na modemu kwa gigabiti 1, modemu inatoa nje megabiti chache tu, kwa hiyo simu ya mtu ikianza kubakap picha kimyakimya zile pakiti zinaingia haraka kuliko zinavyotoka na zinajipanga foleni kwenye bafa, yaani memori ya kusubiria zamu. Piga hesabu: bafa ya kilobaiti 256 ikijaa kwenye laini ya aplodi ya megabiti 1, itachukua sekunde 2 na ushee kuisha, na pakiti yako iliyofika mwisho itasubiri hizo sekunde zote. Kwenye megabiti 10 ni kama milisekunde 210, ambayo ukiwa unasoma habari huioni ila ukiwa kwenye simu ya video mnaanza kukatizana maneno.

Na usidhani aplodi inaumiza aplodi tu. Ukidaunlodi, kompyuta yako inarudisha pakiti ndogo za kuthibitisha kwamba data imefika, sasa hizo nazo zikikwama kwenye foleni ya aplodi hata daunlodi inashuka, na mtu anaapa kwamba kampuni ya intaneti inamwibia.

Hii bufferbloat inayotajwa kila mahali ndo nini?

Ndo hiyo hiyo, bafa iliyovimba kupita kiasi. Mtaalamu wa programu Jim Gettys ndo aliyelivalia njuga hili jambo hadharani kati ya 2010 na 2011. Memori ilishakuwa rahisi, watengenezaji wakawa wanaweka bafa kubwa kwenye kila kifaa wakiamini kupoteza pakiti ni dhambi, kumbe TCP (kanuni inayosimamia utumaji wa data nyingi mtandaoni) ya kawaida inategemea pakiti ipotee ndo ijue kwamba njia imejaa. Cubic, aina ya TCP ambayo ndo chaguo la kawaida la Linux tangu 2006, inazidi kuongeza mwendo mpaka ione upotevu. Bafa ikiwa kubwa upotevu unachelewa kuonekana, TCP inaendelea kumwaga, foleni inajaa na inabaki imejaa muda wote daunlodi inapoendelea.

Sasa ruta ya Linux inasaidia vipi wakati foleni iko kwenye modemu?

Unaihamisha foleni. Unaiambia ruta itoe data kwa spidi iliyo chini kidogo ya ile modemu inayoweza kupitisha, basi modemu haipati kitu cha kurundika, na foleni yote inabaki kwenye ruta yako ambako wewe ndo unaamua ipangweje. Hilo ndo jambo zima la kushepu trafiki, mengine yote kwenye ukurasa huu ni ufafanuzi wake.

Kuhamisha peke yake hakutoshi lakini, ukiwa na foleni ya kijinga kwenye ruta umehamisha tatizo chumba cha pili. Ndo inaingia fq_codel au cake, mbinu za kupanga foleni zilizomo ndani ya Linux, ambazo zinafanya mambo mawili. La kwanza zinatenganisha mikondo, kila muunganisho unapata foleni yake na zinahudumiwa kwa zamu, kama vile mwenye kitu kimoja mkononi asivyolazimika kusimama nyuma ya mwenye toroli tatu zilizojaa. La pili zinaangalia pakiti imekaa muda gani ndani, na ikizidi zinaanza kudondosha chache mapema ili mtumaji apunguze mwendo. Namba za kawaida za CoDel, ile sehemu inayopima huo muda, ni milisekunde 5 na 100, yaani foleni ikikaa juu ya 5 kwa muda wote wa 100 mfululizo ndo inaanza kuchukua hatua. Kwa hiyo mzigo wa ghafla wa sekunde chembe inauacha upite.

Nikipunguza spidi si napoteza nilicholipia?

Ndio, kidogo. Kawaida asilimia 5 mpaka 15. Kwenye matumizi halisi hutaiona hiyo tofauti isipokuwa kwenye kipima spidi, wakati lagi ya milisekunde 400 unaiona kila siku. Mtu anayejali namba ya kipima spidi kuliko simu yake ya video kukatika hili jambo halimfai.

Pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi) ya seva ya gemu iliyo bara lingine itashuka?

Hapana. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo kilomita 5,000 kutoka ulipo itakugharimu milisekunde 50 kwenda na kurudi hata kama kebo ingenyooka, na hazinyooki. Kushepu kunaondoa kile kinachoongezeka laini ikiwa na kazi. Kama pingi yako ni 180 usiku wa manane nyumba nzima ikiwa imelala, itabaki 180.

## Kupima

Nitajuaje kama tatizo langu ni hili kweli?

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, usitumie waifai kwa kipimo hiki. Hakikisha hakuna anayetumia intaneti, fungua terminali na uandike:

```
ping 1.1.1.1
```

Acha iende kama nusu dakika uone kawaida yako. Alafu bila kuisimamisha, anza kuaplodi faili kubwa mahali popote, angalia namba. Kisha simamisha aplodi, fanya daunlodi. Mwisho zote mbili kwa pamoja.

Ikiwa ilikuwa 20 na ikapanda mpaka 300 wakati wa aplodi na ikarudi 20 ulipoacha, umepata jibu na ukurasa huu ni wako. Ikiwa ilipanda kwa 10 au 15 tu, laini yako iko vizuri, tafuta mchawi mwingine. Ikiwa inaruka ruka hovyo hata pasipo mzigo wowote, shida iko kwenye signali, kebo mbovu au huko kwa mtoa huduma, na hakuna foleni utakayoipanga ikatibu hilo.

Nipime kwa tovuti za kupima spidi?

Zile zinazoonyesha spidi na pingi ya mwanzo tu hazikusaidii, maana pingi wanapima kabla ya mzigo. Tafuta inayoonyesha pingi wakati wa mzigo, cha Waveform ni kimojawapo. Wenye Mac kuanzia macOS 12 wana amri ya `networkQuality` ndani tayari. Anayetaka grafu za kueleweka atumie Flent na kipimo chake cha `rrul`, kinachosukuma mizigo kadhaa pande zote mbili kwa pamoja huku kikipima pingi. Kwa nyumbani lakini, `ping` na faili kubwa vinatosha kabisa.

Kwenye kebo iko poa, kwenye waifai inalagi. Vipi?

Basi lagi iko kwenye waifai. Kuhakikisha, pingi ruta yenyewe ukiwa kwenye waifai, mfano `ping 192.168.1.1`. Hiyo safari haitoki hata nje ya nyumba, kwa hiyo ikiruka mpaka 100 au 200 intaneti haina kosa lolote. Dawa yake ni tofauti, angalia swali la waifai chini kwenye kesi ngumu.

## Vifaa

Lazima ninunue ruta mpya?

Inategemea ya sasa inakubali nini. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za intaneti zimefungwa. Kama una ruta inayokubali OpenWrt (mfumo huru wa Linux kwa ajili ya ruta), iweke. Kama una kompyuta ya zamani yenye bandari mbili za mtandao, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 na adapta ya USB ya mtandao, hiyo nayo ni ruta, weka Linux yoyote uipendayo.

Kifaa chako kikae nyuma ya modemu ya kampuni. Ikiwezekana iweke modemu katika modi ya briji, isipowezekana utakuwa na NAT (ile kazi ya ruta ya kuficha vifaa vya ndani nyuma ya anwani moja) mbili mfululizo, ambazo zinaudhi kwa mambo mengine ila kushepu hakujali. Cha muhimu ni kimoja: kila kitu nyumbani kipite kwenye ruta yako. Zima waifai ya modemu, maana televisheni moja ikibaki imeunganishwa huko inajaza laini kwa mlango wa nyuma na ruta yako haioni kitu.

Naweza kuweka kwenye laptop yangu tu bila kugusa ruta?

Utashepu aplodi za laptop yako peke yake. Simu ya mwenzio ikianza kubakap, umerudi palepale.

Prosesa gani inatosha?

Kushepu kunafanywa na prosesa, sio chipu ya mtandao, na mara nyingi kiini (core) kimoja ndo kinabeba mzigo wote wa upande mmoja. Ruta za zamani zenye prosesa za MIPS zinahema kabla hata ya kufika mamia ya megabiti. Raspberry Pi 4 inabeba mamia ya megabiti bila shida, na kompyuta ndogo ya x86 inaenda mpaka gigabiti. Kujua kama imeshindwa, endesha `top` wakati wa kipimo uangalie `ksoftirqd` na safu ya `si`. Kiini kimoja kikiwa kwenye asilimia 100, ndo ukomo wako huo.

## Kuweka

fq_codel, cake, HTB, nichague ipi?

Cake. Ukiwa na kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) 4.19 ya mwaka 2018 au mpya zaidi tayari unayo ndani.

Historia kidogo kwa wanaouliza. HTB ilikuwepo zamani sana, inagawa spidi kwa madaraja, na ndo watu walikuwa wanaandikia skripti ndefu za kurasa tatu. CoDel ilikuja 2012 kutoka kwa Kathleen Nichols na Van Jacobson, na mwaka huohuo Eric Dumazet akaiunganisha na upangaji wa haki wa mikondo ikawa fq_codel, ikaingia kwenye kerneli 3.5. Yenyewe ni nzuri mno, ila haishepu, yaani haijui spidi ya laini yako, lazima uiweke chini ya HTB. Cake, ambayo mwanzilishi wake ni Jonathan Morton, imeweka vyote sehemu moja pamoja na haki kati ya vifaa na hesabu ya mzigo wa ziada wa laini. Amri moja badala ya kumi.

Nani bado atumie HTB na fq_codel? Mwenye ruta dhaifu, kwa sababu cake inakula prosesa zaidi. Au mwenye mahitaji ya madaraja ya ajabu ajabu.

Kwenye OpenWrt nafanyaje?

Sakinisha kifurushi cha `luci-app-sqm`, alafu menyu ya Network, SQM QoS. Chagua intafesi (mlango wa mtandao) inayoelekea nje (`wan`, au `pppoe-wan` kama unatumia PPPoE, yaani laini inayoingia kwa jina na neno la siri). Weka spidi ya daunlodi na aplodi, ni kilobiti sio megabiti, kwa hiyo megabiti 45 ni 45000, hapa wengi wanaandika 45 na wanashangaa intaneti imekufa. Kwenye foleni chagua `cake` na skripti ya `piece_of_cake.qos`. Sehemu ya laini angalia swali la mzigo wa ziada. Hifadhi, pima tena.

Ukiandika 0 upande mmoja, maana yake upande huo usishepiwe kabisa.

Kwenye Linux ya kawaida je?

Tuseme `eth0` ndo inaelekea kwenye modemu na umeamua aplodi 9 na daunlodi 45. Aplodi ni mstari mmoja:

```
tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 9Mbit nat dual-srchost
```

Daunlodi inahitaji kuzunguka kidogo:

```
modprobe ifb numifbs=0
ip link add ifb0 type ifb
ip link set ifb0 up
tc qdisc add dev eth0 handle ffff: ingress
tc filter add dev eth0 parent ffff: protocol all matchall action mirred egress redirect dev ifb0
tc qdisc replace dev ifb0 root cake bandwidth 45Mbit nat dual-dsthost ingress
```

Hiyo `protocol all` usiibadilishe kuwa `ip`, IPv6 yote itapita pembeni bila kushepiwa na utabaki kukuna kichwa kwanini video zinajaza laini.

Neno `nat` linaiambia cake ichungulie anwani za ndani kabla ya NAT, bila hilo nyumba nzima inaonekana kama kifaa kimoja. `dual-srchost` na `dual-dsthost` zinagawa spidi kwa haki kati ya vifaa kwanza, ndipo kati ya mikondo ya kila kifaa.

Kwanini daunlodi inahitaji hiyo ifb?

Linux inapanga foleni vizuri kwa kinachotoka tu. Kinachoingia kimeshaingia. Kwa hiyo tunakipitisha kwenye intafesi ya bandia ili kionekane kama kinatoka, tunakipanga hapo.

Na hapa kuna jambo la kuelewa: daunlodi huna mamlaka nayo kamili. Foleni halisi iko kwa mtoa huduma, wewe unadondosha pakiti ambazo zimeshafika ili mtumaji wa mbali ashtuke apunguze. Inafanya kazi, lakini kwa kuchelewa kidogo na kwa kuhitaji nafasi zaidi, ndo maana daunlodi unapunguza zaidi kuliko aplodi. Lile neno `ingress` kwenye amri linahesabu hata pakiti zilizodondoshwa, maana nazo zilishatumia laini.

Niweke spidi gani hasa?

Usiweke ile ya kwenye mkataba. Zima kushepu, pima spidi halisi kwa kebo mara kadhaa, hasa saa za jioni watu wakiwa wengi, chukua ile ya chini. Anza na asilimia 95 ya aplodi na 85 au 90 ya daunlodi. Rudia kipimo cha pingi na mzigo. Bado inapanda? Shusha tena kidogo. Imetulia? Panda polepole mpaka uone pingi inaanza kutikisika, alafu rudi hatua moja. Fanya upande mmoja kwanza uumalize, ukichezea zote mbili kwa wakati mmoja hutajua kipi kimesaidia.

Spidi ikiwekwa juu ya uwezo halisi wa laini, hata kwa asilimia 2, kushepu hakupo. Foleni inarudi kwenye modemu yote. Hili ndo chanzo cha malalamiko mengi ya "nimejaribu haifanyi kazi".

Mzigo wa ziada wa laini ni kitu gani, lazima niujaze?

Kila pakiti ikipita kwenye laini inaongezewa baiti za kuifungashia ambazo ruta haizioni. Usipozihesabu, pakiti kubwa hazisumbui sana ila pakiti ndogo zikiwa nyingi zinazidi ulichokadiria na foleni inarudi kwenye modemu.

Kibaya zaidi ni ADSL, intaneti ya waya wa simu, inayotumia mfumo wa ATM. Kule data inakatwa vipande vya baiti 53, ndani yake baiti 48 tu ndo zako, na kipande cha mwisho kinajazwa hewa. Pakiti ya baiti 1500 ikiongezewa 40 inakuwa 1540, inahitaji vipande 33, yaani baiti 1749 kwenye waya. Pakiti ya kuthibitisha ya baiti 40 inaishia kuwa 106. Huwezi kukisia hiyo kwa asilimia moja, iambie cake:

```
tc qdisc replace dev ppp0 root cake bandwidth 900Kbit nat dual-srchost overhead 44 atm
```

Kwa VDSL, faiba na kebo ya televisheni hakuna hayo mambo ya vipande. Cake ina neno `docsis` kwa ajili ya kebo, na kama huna uhakika wa laini yako weka `overhead 44`. Kukisia juu kunakupotezea spidi kidogo tu, kukisia chini kunarudisha lagi.

Nipe kipaumbele gemu na simu za video?

Kwanza subiri. Weka cake kama ilivyo, tumia siku kadhaa, ndo uamue. Gemu linatuma pakiti ndogo na chache, na cake inatambua mkondo usiorundika foleni na kuupitisha mbele wenyewe, bila wewe kuandika sheria hata moja. Wengi wanaotaka madaraja nane ya kipaumbele wanaiga skripti za enzi za HTB, kisha gemu likibadilisha bandari wanaanza upya.

Kama laini ni nyembamba kweli, chini ya megabiti 1 au 2 za aplodi, hapo kipaumbele kinaweza kusaidia, maana pakiti moja tu ya baiti 1500 kwenye megabiti 1 inashika laini milisekunde 12. Tumia `diffserv4`, yenye ngazi nne kuanzia mizigo ya chini hadi sauti. Ngazi ya sauti ina robo ya laini, ikizidi hapo inapoteza upendeleo, kwa hiyo usitie kila kitu humo. Kumbuka pia alama za kipaumbele kwenye pakiti zinazoingia kutoka nje mara nyingi zimeshafutwa njiani, kwa daunlodi itabidi uzirudishe mwenyewe kupitia `ctinfo`, iliyopo tangu kerneli 5.3. Kwangu mimi kazi hiyo ni kubwa kuliko faida kwa nyumba ya kawaida.

## Kesi ngumu

Nimeweka fq_codel kwenye sysctl (mipangilio ya kerneli), mbona hamna tofauti?

Kwa sababu hujaipa spidi. `net.core.default_qdisc=fq_codel` ni nzuri, na OpenWrt na distro (matoleo ya Linux) nyingi zinaiweka tayari, ila foleni haijengeki kwenye ruta ikiwa ruta inasukuma gigabiti 1 kwenda kwenye modemu. Inapanga foleni tupu. Rudi kwenye swali la ruta inavyosaidia.

Nimeweka kila kitu sawa, cake inaonyesha karibu sifuri ya trafiki.

Angalia kwanza kwa:

```
tc -s qdisc show dev eth0
```

Baiti za cake zisipoongezeka wakati unaaplodi (kwa daunlodi angalia `ifb0`), trafiki inapita njia nyingine. Mtuhumiwa wa kwanza ni ofloadi ya mikondo, iwe ya programu au ya chipu, hiyo inachepusha pakiti zisipite kwenye foleni. Izime. Mtuhumiwa wa pili ni intafesi isiyo sahihi, hasa kwenye PPPoE ambako watu wanaweka `eth0` upande mmoja na `ppp0` mwingine.

Ukiwa hapo angalia `av_delay` na `drops`. Kudondosha pakiti kidogo wakati wa mzigo ndo kazi yake, usiogope.

Laini yangu ni ya simu au setelaiti, spidi inabadilika kila dakika.

Hapa ndo pagumu kusema kweli. Ukiweka spidi ya chini kabisa unapoteza nyingi laini ikiwa nzuri, ukiweka ya kati, ikishuka lagi inarudi. Chaguo moja ni kuamua chini ya hapo huendi na kukubali hasara, kwa mtu anayefanya kazi kwa simu za video inafaa. La pili ni `cake-autorate`, skripti inayopima pingi muda wote na kupandisha au kushusha spidi ya cake kadri hali inavyobadilika. Haitakupa utulivu wa faiba, na inahitaji kurekebishwa kwa laini yako, lakini kwenye LTE inayobembea ni afadhali kubwa.

Waifai je?

Cake haifiki huko, spidi ya waifai inabadilika kwa kila kifaa na kila hatua unayotembea. Kinachosaidia ni dereva zenye fq_codel ndani na ugawaji wa haki wa muda wa hewani, ambazo Linux inazo kwa baadhi ya chipu, `ath9k` ikiwa ya mwanzo kabisa. Bila hizo, simu moja iliyo mbali yenye signali mbovu inashika hewa muda mrefu na wote mnasubiri. Vinginevyo vuta kebo kwa kila kisichotembea, tumia masafa ya 5 GHz.

Nina gigabiti 1, nahitaji hii?

Daunlodi pengine hapana. Angalia aplodi lakini, kuna laini za gigabiti 1 za kushuka zenye megabiti 20 au 50 za kupanda, na hiyo aplodi inavimba kama nyingine. Shepu aplodi pekee, prosesa haitahisi kitu. Kwa laini isiyolingana hivyo ongeza `ack-filter` upande wa aplodi, inapunguza pakiti za kuthibitisha zinazorudiana.

Torenti na daunloda zinazofungua miunganisho 30 zinavunja haki?

Kwa fq_codel ndio kwa kiasi, kwa sababu inahesabu mikondo, mwenye mikondo 30 anapata sehemu 30. Kwa cake yenye `dual-srchost`, `dual-dsthost` na `nat` hapana, kifaa kimoja ni kifaa kimoja hata kikifungua mia. Ila vikiwa kwenye kompyuta ileile moja, torenti na gemu vinagawana ndani ya fungu la hiyo kompyuta.

VPN inaharibu?

Ikiwa iko kwenye kompyuta yako, ruta inaona mkondo mmoja uliosimbwa na haiwezi kutenganisha gemu na daunlodi vilivyo ndani. Lagi ya watu wengine nyumbani inabaki nzuri, na foleni ya mkondo huo bado inazuiwa isivimbe sana. Ikiwa VPN iko kwenye ruta, shepu intafesi halisi ya nje, usishepu ya VPN.

BBR haitoshi badala ya haya yote?

BBR, iliyotolewa na Google 2016, inabadilisha jinsi mtumaji anavyotuma. Ukiiweka kwako inagusa aplodi za mashine hiyo tu, simu na televisheni zinaendelea na zao, na daunlodi inaamuliwa na seva za watu.

Nikizima umeme ikirudi kila kitu kimepotea.

Amri za `tc` haziandikwi popote. OpenWrt inajirudishia yenyewe kupitia SQM. Kwenye distro nyingine ziweke kwenye skripti inayoitwa na systemd mtandao ukiwa tayari, na kama ni PPPoE kwenye Debian iweke ndani ya `/etc/ppp/ip-up.d/`, kwa sababu `ppp0` inazaliwa upya kila laini inapokatika na kurudi, na huzaliwa bila cake.

Nataka kurudisha ilivyokuwa.

```
tc qdisc del dev eth0 root
tc qdisc del dev eth0 ingress
ip link del ifb0
```

Huna haja ya kuwasha ruta upya, mikondo iliyopo inaendelea. Ni njia nzuri pia ya kulinganisha: acha pingi inaenda na aplodi inaenda, futa, angalia namba, weka tena.